Mjadala: Walimu wote wafunzwe kutambua ukatili kwa watoto, au mmoja kwa kila shule anatosha?

Mleta mada: Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Wajibu ni wa wote, ila mafunzo mara nyingi huishia kwa mwalimu mlezi. Nataka wafunzwe wote. Mtoto humweleza anayemwamini, na huyo huenda akawa mwalimu wa michezo.

Muuguzi wa Watoto: Napinga, ndugu. Semina ya siku moja itazaa tuhuma zisizo na msingi. Mtoto mchanga ana baka la buluu kiunoni tangu azaliwe, watu wanasema kapigwa! Baka hilo haliumi likiguswa, na wiki ikipita rangi ni ileile. Anayekimbiakimbia huvilia damu magotini na kwenye miundi, kawaida kabisa. Kinachotia shaka ni masikio, shingo, tumbo na mgongo, na alama yoyote ya kuvilia kwa mtoto ambaye hajaanza kutambaa. Kwenye ngozi nyeusi tazama juani, kisha gusa taratibu uone kama pamevimba. Maji ya moto yaliyomwagika kwa bahati mbaya huacha matone na kingo zisizo sawa. Miguu miwili iliyoungua hadi usawa mmoja, kama soksi, iripotiwe. Hayo yote kwa siku moja?

Afisa Ustawi: Dada Muuguzi, kesi huharibikia kwenye maswali. Mwalimu anauliza, "Ni baba mdogo, eti?" Mtoto anaitikia. Anapelekwa kwa mkuu, kwa mtendaji, kwa mama, kila mmoja anamhoji upya; akifika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi maelezo yanagongana, na wakili wa utetezi atashika hapohapo. Kila mwalimu ajue haya: sema "Nieleze kilichotokea", kisha nyamaza. Andika maneno yake yaleyale, tarehe na saa. Usimwahidi siri. Usimwite mzazi kabla hujajua anayetajwa ni nani. Saa mbili zinatosha kufundisha hayo.

Kama ameingiliwa, asiogeshwe. Nguo ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi. Kwenye plastiki unyevu huozesha ushahidi. Afike hospitali mapema, ndani ya saa 72, maana dawa za kinga dhidi ya VVU hazianzishwi baada ya hapo. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ifuatiliwe sambamba, isimcheleweshee matibabu.

Mwl. Kidawa: Mbona hamtaji fimbo? Kanuni za 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi 4, vichapwe na mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi. Aliyechapwa asubuhi hatamfungulia moyo mwalimu yuleyule mchana. Bila kuiondoa fimbo, mafunzo haya yatamfikia mwalimu, mtoto hatamfikia.

Mleta mada: Nakubali, Mwalimu. Na anayetajwa akiwa mkuu wa shule mwenyewe?

Afisa Ustawi: Taarifa isipitie kwake. Mwalimu aende moja kwa moja Dawati au kwa afisa ustawi wa halmashauri, au apige 116, ni bure. Na hili lifundishwe wakuu wa shule wakiwa wamekaa humohumo ukumbini.