Wakuu, naomba ushahidi wa Yesu nje ya Biblia, Jumamosi nina semina

Mwalimu_wa_Vijana: Habari za jioni wakuu. Nafundisha vijana kanisani kwetu. Jumamosi tuna semina na mada nimeachiwa mimi: je, maandishi ya kale nje ya Biblia yanathibitisha kwamba Yesu alikuwepo? Usiku wa tatu huu sipati usingizi. Pia naomba anayejua aniambie kama kuna Mrumi aliyeandika sura yake ilivyokuwa.

Bint_Chumbageni: Funga uombe kaka. Bibi yangu hakujua kusoma hata jina lake, na akafa akimtaja Yesu. Imani haidai risiti.

Ustaadh_wa_Mtaa: Ndugu, mimi Muislamu. Nabii Isa, amani iwe juu yake, sisi tunaamini alikuwepo. Hapo kwenu nani anayebisha?

Mwalimu_wa_Vijana: Asante Ustaadh. Ni mdogo wangu, yuko chuo mwaka wa pili. Likizo iliyopita alituambia mezani kwamba Yesu ni hadithi ya kutungwa. Mama alilia. Ijumaa anakuja tena, na semina atahudhuria.

Karani_wa_Zamu: Mkuu, ushahidi upo, ila uupime vizuri. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, aliandika mnamo mwaka 116 kuhusu moto wa Roma wa mwaka 64. Anasema Nero aliwasingizia Wakristo, na kwamba Kristo wao aliuawa na Pontio Pilato enzi za Tiberio. Tacitus aliwadharau Wakristo, hakuwa na sababu ya kuwapigia debe. Mnamo mwaka 112 Pliny, gavana katika Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Trajan kwamba Wakristo hukutana kabla ya alfajiri na kumwimbia Kristo kama mungu. Huyo anathibitisha wafuasi zaidi ya Yesu mwenyewe, kwa hiyo usimtwishe mzigo asioubeba. Halafu yupo Josephus, Myahudi, aliyeandika mnamo mwaka 93. Kitabu cha 20 cha historia yake ya Wayahudi kinamtaja Yakobo, "ndugu wa Yesu aitwaye Kristo", aliyepigwa mawe mwaka 62. Cha 18 kina habari ndefu zaidi, lakini hapo pana mkono wa mtu mwingine.

Mwalimu_wa_Vijana: Mkono wa mtu mwingine kivipi? Hiyo ya kitabu cha 18 ndiyo nzito kuliko zote!

Karani_wa_Zamu: Inasema "huyu alikuwa ndiye Kristo". Josephus alibaki Myahudi maisha yake yote. Origen, mwanazuoni wa kanisa wa karne ya 3, aliandika wazi kwamba Josephus hakumkubali Yesu kuwa Kristo. Wataalamu wengi wanaona Josephus aliandika jambo fupi kumhusu Yesu, kisha mnakili Mkristo akaongeza ya kwake.

Fundi_Saa: Hilo nalielewa vizuri. Hati ya shamba la marehemu babu kule Muheza iliandikwa kwa wino mweusi, kisha chini likaongezwa jina la ami kwa kalamu ya bluu. Tulienda baraza la ardhi mwaka mzima. Mwenyekiti hakuitupa hati, alikataa mstari wa bluu tu. Minazi bado tunagawana mpaka leo, na ami hatusalimii.

Mzee_wa_Kijiwe: Mleta mada, nakurudisha kwenye lile swali lako la sura. Umelitoa wapi?

Mwalimu_wa_Vijana: Nilisoma mahali.

Mzee_wa_Kijiwe: Mahali gani, mwanangu?

Mwalimu_wa_Vijana: Sawa, naeleza. Kuna barua ya Publius Lentulus, gavana wa Yerusalemu, kwenda baraza la Seneti la Roma. Inaeleza nywele zake, ndevu, hata macho. Nimeiweka ukurasa wa kwanza wa kijitabu cha semina. Kiko kwa mchapaji, nakala 300, na malipo ya awali nimeshatoa kwenye mfuko wa vijana.

Karani_wa_Zamu: Mkuu, barua hiyo ni ya kughushi. Hakuna gavana wa Uyahudi aliyeitwa Lentulus, na magavana wenyewe makao yao yalikuwa Kaisaria. Imeanza kuonekana mwishoni mwa zama za kati, zaidi ya miaka elfu moja baadaye.

Mwalimu_wa_Vijana: Lakini inajenga. Nimeisoma nikatokwa na machozi. Vijana hawataenda kuchimbua habari za magavana. Na hela imeshatoka.

Ustaadh_wa_Mtaa: Mdogo wako ataenda kuchimbua. Akiikuta hiyo moja ni ya uongo, atakuambia na Tacitus ni wa uongo. Hata sisi hadithi hupimwa kwa wapokezi wake, na iliyozushwa huachwa hata kama inaliza watu.

Chuma_cha_Reli: Wakuu, hii chai. ID ina siku mbili. Ilianza semina, ikaja mdogo wangu, sasa kijitabu. Kila akibanwa anaongeza ukurasa. Mnapoteza bando.

Bint_Chumbageni: Hata mimi nimeanza kushtuka. Mama kulia mezani ni kama filamu.

Karani_wa_Zamu: Mimi namwamini. Mtunzi hujipamba, huyu kajianika na hela za vijana. Habari za kale nazo hupimwa hivyo. Kusulubiwa ilikuwa adhabu ya watumwa na waasi. Nani angemtungia Masihi wake kifo cha namna hiyo, kisha atembee akikihubiri?

Chuma_cha_Reli: Aweke picha, jina la kanisa alizibe.

Mwalimu_wa_Vijana: Picha hiyo hapo juu, nakala ya majaribio. Ukurasa wa kwanza Lentulus, wa tatu Josephus. Nimempigia mchapaji, hajaanza kazi, kurasa mbili zinabadilika. Badala ya barua niweke nini?

Karani_wa_Zamu: Weka jiwe la Pilato. Lilichimbuliwa Kaisaria mwaka 1961, limechongwa jina lake na cheo chake. Halimtaji Yesu, na uandike hivyohivyo. Halafu mpe nafasi Paulo kwa Wagalatia: anasema alionana na Petro na Yakobo ndugu wa Bwana. Ni Biblia, ndiyo, lakini ni barua ya mtu aliyekutana na ndugu wa Yesu, na iliandikwa kabla ya Josephus na Tacitus. Josephus mbakishe, maneno ya mnakili yawekee alama.

Chuma_cha_Reli: Picha nimeiona. Samahani mwalimu.

Mwalimu_wa_Vijana: Usijali mkuu. Mdogo wangu ameshuka na basi la saa kumi. Kurasa mpya nimempa yeye kwanza. Yuko kibarazani anasoma, kaomba kalamu.