MJADALA: Abiria wa boda usiku naye aandikwe kijiweni?

Mleta mada, Mwanga

Wakuu, habari za jioni. Tujadili hili bila matusi, maana likiguswa tu vijana wa vijiwe wanaona wanachukiwa, na abiria nao wanasema boda wote wahuni.

Hoja yangu: hapa Kigoma, kuanzia saa nne usiku, boda asitoke kijiweni na abiria mpaka jina la abiria, namba yake ya simu na anakoenda viandikwe kwenye daftari. Daftari likae kwa mwenyekiti wa kijiwe, si mfukoni mwa boda.

Kwa hali ilivyo, kwenye safari ya usiku anayejulikana ni mmoja tu. Boda ana reflekta ya kijiwe, pikipiki ina namba nyeupe ya biashara, na ukisahau mzigo unarudi kesho kumuulizia "yule kijana mrefu, mweusi" na unampata. Abiria je? Anatokea gizani, anasema "nipeleke Kibirizi", wanaondoka. Asubuhi kijana haonekani, na wenzake wanachokumbuka ni koti jeusi. Kumpiga mtu kabali hakuhitaji bunduki. Unamwambia simama nichimbe dawa, mwenzako yuko kichakani, kwisha. Na pikipiki iliyoibwa mara nyingi si ya boda mwenyewe. Yuko kwenye mkataba, bosi anataka hesabu hata kama kijana amelazwa hospitali ya Maweni na kichwa kimefungwa bandeji.

Najua watakuja wa kusema tusubiri programu za simu za kuita usafiri kama Dar. Uber ilianza Dar mwaka 2016, na kweli kule safari inaacha alama: nani kabeba, kabeba nani, wamepita wapi. Lakini LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilipoweka ukomo wa asilimia 15 kwenye kamisheni anayokatwa dereva mwaka 2022, Uber walisimamisha huduma Aprili hiyohiyo, wakaja kurudi 2023. Usalama gani huo wa kuzimwa kwa sababu ya mgao wa nauli? Halafu hukohuko dereva anakubembeleza ufute safari umlipe mkononi ili akwepe makato, nawe unakubali kwa kupunguziwa elfu moja. Hapo alama yote imefutika.

Karibuni.

Boda wa Ujiji

Mkuu umetuongelea vizuri, ila usiku unaujua wa kusikia. Saa sita kijiwe kina nani? Abiria wengi tunawaokota njiani, au stesheni treni ikishusha, pale hata kuulizana jina hakuna, kila mtu anavuta begi upande wake. Nikimwambia mtu "ngoja nikuandike" anapanda kwa mwingine.

Na kabali ni ya siku mojamoja. Kinachotumaliza kila siku ni wa kuruka na nauli. Anashuka mdomoni mwa uchochoro, "nisubiri nikuletee chenji", ndiyo imetoka hiyo. Au wanakuja watatu wanataka mshikaki, ukikataa wewe ndiye mbaya, ukianguka nao wewe ndiye muuaji.

Dada wa Katubuka

Naona wanaume mmekaa mnapanga namba yangu ya simu ikae wapi.

Nieleze kidogo. Mwezi uliopita boda kanifikisha salama kabisa, hakukimbiza, hakuongeza bei. Sikuwa na keshi, nikamtumia nauli kwa simu. Mnajua ukituma hela jina lako lote linamtokea mwenzio, na namba. Saa tano ujumbe: "umefika salama?" Nikasema sawa, kijana mstaarabu. Saa sita: "umelala mrembo?" Kesho yake ananitaja jina la kwanza mbele ya mama muuza nyanya, na mlango wangu anaujua. Sikumjibu vibaya, maana huyo ndiye boda wa mtaa wetu, usiku nikiumwa nitamwita nani?

Sasa mnataka namba za wanawake wote wanaotoka kazini usiku, wauguzi, wahudumu wa hoteli, mama lishe, ziandikwe kwenye daftari moja na mahali wanapokaa. Kijana anapekua tu kama menyu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 2023: ukichukua taarifa za mtu kwa kazi fulani, huzitumii kwa kazi nyingine. Nioneshe mwenyekiti wa kijiwe anayeijua.

Mimi ninachofanya, napiga picha namba ya pikipiki kabla sijapanda, namtumia dada yangu. Boda mwenye nia njema hanuni.

Mzee wa Rusimbi

Wanangu, ugomvi mwingi niliousuluhisha hapa mtaani ulianzia kwenye nauli ambayo haikutajwa kabla ya kupanda. Tajeni bei kwanza. Mengine endeleeni.

Mleta mada, Mwanga

Mzee, shikamoo. Hilo halina mpinzani.

Dada, daftari la wazi nimeliacha. Ila picha yako inakulinda wewe. Kijana aliyekubeba bado hajui kabeba nani. Nisikilizeni hili: kijiwe kiwe na simu moja ya kitochi, namba yake ichapwe mgongoni mwa reflekta. Abiria kabla ya kupanda anaibipu mbele ya boda. Boda haoni namba, anasikia tu inaita. Mwenye simu naye hajui wewe ni nani, ana namba na saa tu. Laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, zisizosajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020, kwa hiyo likitokea la kutokea polisi wana pa kuanzia. (Wapo wanaotembea na laini ya shangazi, najua. Basi wataanza kwa shangazi.) Hata aliyeokotwa njiani anaweza kubipu, hahitaji kufika kijiweni.

Dada wa Katubuka

Bipu naweza kuikubali. Simu isikae kwa boda yeyote anayebeba abiria usiku. Na ukinisumbua kwa namba uliyoipata hapo, nakupeleka Dawati la Jinsia la polisi, sitakuja kulalamika kijiweni.

Boda wa Ujiji

Sasa hapo ndipo penye kazi. Mwenyekiti wetu mwenyewe anaendesha boda, usiku yuko barabarani kama sisi. Simu tumpe nani? Yule mama wa chipsi pale kwenye kona hafungi mpaka saa nane, lakini mkimuuliza atataka alipwe. Nani anachanga?