Mafundi wa Beetle, acheni kukimbilia kabureta kila gari likipiga mizinga!

Wakuu, hii tabia imezidi. Volkswagen Beetle 1600 inaingia gereji inapiga mizinga, yaani inapasua milio kwenye kabureta au ekzosi, fundi hajafungua hata kifuniko cha distribyuta (kile kinachogawa umeme kwa plagi), tayari kabureta iko mezani imelowekwa kwenye petroli. Mwenye gari analipia gasketi mpya, skrubu zote zimeshachezewa, na mlio uko palepale. Hivi fila geji, kile kipimo cha uwazi mdogo, siku hizi ni marufuku?

Swali la kwanza ni mlio unatokea wapi. Gari likitema juu kwenye kabureta, mara nyingi hewa imezidi petroli, au valvu ya kuingizia haifungi, au waya za plagi zimepishana. Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-4-3-2, rota ya ndani ya distribyuta inazunguka kwa mwendo wa saa, basi. Likipasukia kwenye ekzosi, kuna petroli iliyopita bila kuungua ikawakia huko, au taimingi, yaani wakati wa cheche, imechelewa. Na kama linapiga pale tu unapoachia mafuta, kagueni viungo vya sailensa kabla ya kitu kingine, hewa inaingilia hapo.

Pointi, ile swichi ndogo ya kukata umeme ndani ya distribyuta, ndizo zinazopuuzwa kuliko vyote. Uwazi wake ni milimita 0.40. Kile kisigino kinachosuguana na kemu kikilika, uwazi unapungua na taimingi inachelewa yenyewe, hata kama hakuna aliyegusa distribyuta. Kwa hiyo pointi kwanza, taimingi baadaye. Ukigeuza mpangilio huo, utarudia kazi. Nyuso zikiwa zimeungua, badilisheni pamoja na kondensa. Na taimingi ipimwe kwa taa, si kwa sikio, jamani! Halafu chomoeni mpira wa vakyumu wa distribyuta, nyonya kwa mdomo, ziba kwa ulimi: bamba la pointi lisogee na libaki hapohapo. Likirudi, diaframu (utando wa ndani) imetoboka, na injini inavuta hewa kupitia hapo pia.

Uwazi wa valvu ni milimita 0.15, injini ikiwa imelala usiku kucha. Anza na silinda 1, rudisha puli ya krenki nusu mzunguko kinyume cha saa uipate 2, kisha 3, kisha 4. Ile ya kutolea moshi ya namba 3 ndiyo huungua mapema, msiibane.

Injini zenye njia mbili za kuingizia kila upande zina mipira kwenye manifoldi, na hupasuka upande wa chini, usioonekana. Nyunyizieni maji kidogo injini ikiwa inaunguruma. Mlio ukibadilika, mmeipata. Maji, nimesema. Kuna watu wanamwagia petroli injini ya moto halafu wanajiita mafundi!

Hayo yote yakiwa sawa ndipo mguse kabureta, na muanze na pampu yake ya kurusha petroli ukikanyaga mafuta. Injini ikiwa imezimwa, vuta waya wa mafuta ukichungulia kooni: mchirizi utoke papo hapo. Mchirizi ukichelewa, gari litatema kila likikanyagwa.

Anayebisha aweke picha ya plagi zake zote nne, aandike ipi imetoka silinda ipi. Nyeupe au yenye masizi, tutaanzia hapo.