Tumetoka Excel 2003 kwenda Excel 2019: pau za zana za zamani zimeenda wapi?

Mhasibu_Busia

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninatunza hesabu za chama cha akiba na mikopo hapa Busia, upande wa Uganda. Kwa miaka mingi tulitumia Excel 2003, na hivi karibuni kompyuta ile ilibadilishwa, tukaletewa mpya yenye Excel 2019. Hesabu zenyewe hazina tatizo: karatasi ya mishahara bado inakata asilimia 5 ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) kwa mfanyakazi na kuongeza asilimia 10 ya mwajiri, kama ilivyokuwa. Kinachotutesa ni kwamba kila amri imehamishwa, na wenzangu, ambao ni watu wazima waliozoea menyu za zamani, wanatumia muda mwingi kutafuta vitufe kuliko kuandika hesabu.

Mambo matatu yanatukwamisha zaidi. Kwanza, hatuoni pa kuamuru mstari wa vichwa vya safu ujirudie juu ya kila ukurasa unapochapishwa. Tukifungua mipangilio ya ukurasa kutoka kwenye skrini ya kuchapisha, sehemu hiyo imefifia na haikubali kuandikwa. Pili, tunataka kubandika thamani tupu bila fomula, jambo tunalolifanya kila mwisho wa mwezi. Tatu, mtangulizi wangu alikuwa ametengeneza upau wake wenye vitufe vya makro (programu ndogo ndani ya faili zinazofanya kazi zenyewe) za kutoa stakabadhi za wanachama, na upau huo siuoni. Je, kuna njia ya kurudisha sura ya zamani?

Fundi_Jinja

Ndugu Mhasibu, pole kwa usumbufu. Ndani ya Excel yenyewe hakuna mahali pa kurudisha menyu za 2003. Microsoft iliziondoa pamoja na pau za zana katika Excel 2007 na kuweka utepe wenye vichupo, yaani ule ukanda mpana wa vitufe ulio juu ya karatasi, na matoleo yote yaliyofuata yamebaki na utepe huo, ingawa tangu Excel 2010 mtumiaji anaruhusiwa kuupanga upya anavyotaka.

Suala la vichwa vya safu lina jibu rahisi, lakini limefichika vibaya. Usipitie skrini ya kuchapisha, kwa sababu ukifungua mipangilio ya ukurasa kutokea huko, sehemu ya safu mlalo za kurudia hufungwa. Rudi kwenye karatasi yenyewe, fungua kichupo cha "Page Layout", kisha bofya "Print Titles". Litafunguka dirisha lile lile mlilolizoea, na safari hii litakubali. Tazama pia pembe ya chini kulia ya baadhi ya mafungu ya vitufe: kuna kishale kidogo sana, na ukikibofya yanajitokeza madirisha ya zamani karibu kama yalivyokuwa. Kwa maoni yangu kishale hicho ndicho kinachowafaa zaidi watu waliotoka 2003, na kinasikitisha kwa udogo wake.

Kuhusu kubandika thamani, kama wenzako walizoea kubonyeza Alt, kisha E, S na V, kimoja baada ya kingine, waendelee vivyo hivyo. Kitatokea kisanduku kidogo juu ya skrini kuonyesha kwamba programu imetambua ufunguo wa toleo la zamani. Wasikishtukie, wamalizie tu herufi zao na kubonyeza Enter.

Mwalimu_Mbale

Namshukuru Fundi kwa maelezo yake, ila nina shaka moja. Nimefundisha watu wa rika zote kutumia kompyuta, na aliyezoea kutafuta kwa macho hatakubali kukariri herufi. Kinachomtuliza ni kuona vitufe vyake vichache vimekaa mahali pamoja bila kuhama. Utepe haumpi utulivu huo, kwa sababu hujibana kulingana na upana wa dirisha: kwenye skrini ndogo maneno yanatoweka zikabaki picha tu, na mafungu mengine yanakunjwa kuwa kitufe kimoja. Ndiyo maana mtu aliye mbali anapomwelekeza mwenzake kwa simu wanaishia kubishana, kila mmoja akisema kweli kuhusu anachokiona. Kuna na jambo la kubofya mara mbili jina la kichupo bila kukusudia, utepe wote ukajificha. Waonyeshe wote kwamba Ctrl na F1 huurudisha.

Kwa hiyo anza na ule upau mdogo ulio juu kabisa kushoto, penye kitufe cha kuhifadhi. Bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya amri yoyote iliyo kwenye utepe, kisha chagua "Add to Quick Access Toolbar". Weka amri saba au nane, zisizidi, zile ambazo ofisi yenu huzitumia kila siku.

Mhasibu_Busia

Asante sana, Mwalimu, na Fundi pia. Vichwa vya safu sasa vinajirudia. Lakini kompyuta hii tunaitumia kwa zamu, kila mtu kwa akaunti yake, na faili za mishahara hupelekwa pia kwenye tawi letu jingine. Upau nitakaoupanga mimi, wenzangu watauona?

Mwalimu_Mbale

Ukiupanga kwa kawaida, hawatauona. Lakini fungua "File", kisha "Options", kisha sehemu ya Quick Access Toolbar. Juu upande wa kulia kuna orodha iliyoandikwa "For all documents". Badala yake chagua jina la faili lenu. Vitufe utakavyoviweka hapo vitahifadhiwa ndani ya faili, na kila atakayelifungua atavikuta, hata huko tawini.

Karani_Arua

Naongezea kuhusu upau wa mtangulizi wako, ndugu Mhasibu. Fungua faili la zamani, uruhusu makro zake ikiwa una hakika faili ni lenu, kisha tazama kama kichupo cha "Add-Ins" kimejitokeza kwenye utepe. Pau walizojitengenezea watu zamani hukusanywa humo. Ukizikuta, kuwa mwangalifu unapohifadhi katika muundo mpya: ukichagua xlsx makro zote zitaachwa nje, kwa hiyo chagua xlsm, na faili la awali la xls liweke kando bila kuliguza.

Kwa mwenzako ambaye utepe utamshinda kabisa, LibreOffice Calc, programu nyingine ya hesabu inayofanana na Excel, haina gharama na bado hufunguka ikiwa na menyu na pau za zana. Hata hivyo nisingemkabidhi faili lenye makro za stakabadhi, kwani makro za Excel hazifanyi kazi zote humo. Daftari la kawaida la michango ataliendesha vizuri.

Mhasibu_Busia

Kichupo cha "Add-Ins" kipo, na vitufe vyote vinne vya stakabadhi nimevikuta humo. Nimehifadhi nakala ya xlsm, na kesho asubuhi nitaviweka pamoja na amri ya kubandika thamani kwenye upau wa faili la mishahara kabla ya wenzangu kuanza zamu.