Kesi ya nyundo: tukio moja, hukumu mbili. Hii ni haki?

Kigoda: Wakuu, David DePape alivunja nyumba ya Nancy Pelosi, aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani wakati huo, San Francisco, usiku wa Oktoba 28, 2022. Mama hakuwepo. Akampiga nyundo ya kichwa mumewe, Paul, mzee wa miaka 82, polisi wakiwa mlangoni wanaona. Fuvu likapasuka. Mei 2024 mahakama ya shirikisho ikampa miaka 30. Oktoba, jimbo la California likamfunga maisha bila parole, yaani bila nafasi ya kuachiwa mapema. Ni haki au ni kukomoa?

Binti Pangani: Angempiga mume wa muuza mchicha, serikali kuu isingeshika hata kalamu.

Mla Kisamvu: Dada, sheria yao inalinda familia ya kiongozi wa shirikisho akiandamwa kwa kazi yake. Mume wa muuza mchicha ana mahakama ya jimbo. Na hilo la kushtakiwa mara mbili lilishaamuliwa 2019, kesi ya Gamble, Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 7 kwa 2: jimbo na shirikisho ni mamlaka mbili tofauti, kila moja inaweza kushtaki.

Kigoda: Mbona basi jaji wa California alifuta shtaka la kujaribu kuua? Sheria ya jimbo lake inakataza kumshtaki mtu tena kwa tendo lilelile. Kilichompa maisha ni utekaji.

Mzaramo Asilia: Miaka 30 ya Marekani ni 15, mtu anatoka kwa parole. Nyie wabeba boksi mnatishwa na namba tu.

Chuma cha Ohio: Boksi hilo limesomesha wadogo zangu, usilitukane. Parole ya shirikisho ilifutwa na sheria ya 1984. Ukiwa na tabia njema unapunguziwa hadi siku 54 kwa mwaka. Piga hesabu, ni zaidi ya miaka 25.

Mzaramo Asilia: Nani kakutukana? Umeguswa pabaya, sema.

Chuma cha Ohio: Umetaja boksi, nimejibu boksi. Kwani wewe ada za wadogo zako analipa nani?

Mla Kisamvu: Jamani, mada ni nyundo.

Binti Pangani: Mimi bado sijajibiwa. Mnajua jaji wa shirikisho alimsomea miaka 30 bila kumpa nafasi ya kuzungumza? Hata hakimu wa mahakama ya mwanzo kwetu anamuuliza mshtakiwa kama ana la kusema kabla ya adhabu.

Mla Kisamvu: Jaji alimrudisha mwezi uleule, akakiri kwamba yeye jaji alikosea, akamsikiliza. DePape akaomba radhi.

Binti Pangani: Kisha?

Mla Kisamvu: Miaka 30 ileile. Waendesha mashtaka walitaka 40.

Binti Pangani: Sasa alimwita wa nini? Kumsikiliza mtu wakati adhabu iko mfukoni!

Kigoda: Haki ya kusikilizwa si haki ya kupunguziwa. Paul Pelosi naye aliieleza mahakama maumivu ya kichwa na kizunguzungu. Huyo hamumzungumzii.

Chuma cha Ohio: Mzaramo, nasubiri jibu la ada.