Chapa ya mbao inatoka na vitone vyeupe, na mistari inabanduka

ukili_tanga
Habari zenu wadau. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa kuchonga picha kwenye ubao na kuichapa kwa mkono.

Bibi yangu alifariki mwezi wa tatu. Kila alasiri alikuwa akikaa barazani kusuka ukili, na nina picha ya mikono yake niliyopiga kwa simu, miyaa imepita katikati ya vidole, dole gumba limekaza. Nimeihamishia kwenye ubao wa mninga, ukubwa wa sahani ya wali, nikaichonga kwa patasi mbili na bobari moja (patasi ya mdomo wa mviringo) alizoacha babu. Nataka nakala 15, moja kwa kila mjukuu.

Sehemu nyeusi zinatoka na vitone vyeupe kama zimenyunyiziwa unga. Mistari myembamba ya ukili inabanduka, hasa ile inayokatiza nyuzi za mbao. Halafu rangi inaingia kwenye mifereji na picha inaziba. Natumia rangi ya mafuta ya kupakia milango, rola ya sponji na karatasi ya manila, kisha nakanyaga juu kwa ubao mwingine. Nimeshaharibu karatasi 9. Mama alipoiona ile iliyotoka vizuri kidogo akasema, "Hii si mikono ya mama." Imeniuma.

fundi_bobari
Pole sana kwa msiba, dada. Mwenyezi Mungu amrehemu bibi.

Mninga ni mbao ya kitanda na kabati. Kashike kaubao kako juani ukaangalie kwa ubavu, utaona vitundu kama vya ncha ya sindano, vimejaa kote. Kila kitundu kinakuwa kitone cheupe, hata uongeze uzito namna gani. Tafuta mti wa matunda. Wajapani wanachonga kwenye mcheri wa milimani, na Ulaya enzi za Dürer, yule msanii wa Ujerumani aliyechapa kwa mbao, walipenda mti wa peasi, kwa sababu nyuzi zake zimebanana. Mimi natumia mpera, au mchungwa uliozeeka. Vipande ni vidogo, lakini kwa kazi yako vinatosha. Usichonge mti mbichi, utapasuka. Vichwa vya ubao vipake rangi, uuweke kivulini miezi kadhaa. Kama huwezi kusubiri, waulize mafundi samani kipande cha podo kilichobaki kazini, nacho hakina vitundu.

Mistari sasa. Mstari mwembamba usiuanze kwa bobari, uanze kwa kisu. Mpini uinamie juu ya mstari, ncha ya kisu ielekee nje, ili mstari ubaki mwembamba juu na mpana chini, kama ukuta wa udongo. Geuza ubao, kata upande wa pili vilevile. Baada ya hapo ndipo bobari inaingia kuondoa kilichobaki, ukitokea mbali. Na noa. Mimi kila nusu saa niko kwenye jiwe. Kisu kikali kinapita kimya, ukisikia mbao inakwaruza simama hapohapo, pigo linalofuata ndilo linalobandua mstari.

Rangi ya mlango imetengenezwa itambae yenyewe ili alama za brashi zipotee, ndiyo maana inatambaa mpaka kwenye mifereji yako. Nenda kiwanda chochote cha uchapaji, waombe wakuuzie wino mweusi wa ofseti uliobaki kwenye kopo. Utandaze kwenye kioo, mwembamba, kwa rola ngumu ya mpira. Huna rola? Funga pamba ndani ya ngozi laini, upigepige wino kwa hicho. Wachapaji wa Ulaya walifanya hivyo kwa karne kadhaa.

Manila ni nene mno. Tumia karatasi nyembamba, iweke juu ya ubao, usugue kwa mgongo wa mwiko, ukianzia katikati ukitoka nje. Nyanyua kona moja tu, nyingine umezibana, uchungulie. Palipopauka rudisha karatasi, sugua tena.

leso_nyali
Poleni. Mie nauliza kitu kimoja: picha uliigeuza kabla ya kuchonga? Chapa hutoka kinyume, mkono wa kulia huwa wa kushoto. Chora kwanza kwenye karatasi inayoonyesha upande wa pili, halafu uilaze kifudifudi juu ya ubao ndipo upitishe kalamu. Na ukiandika jina la bibi, herufi zake zichongwe kinyume.

msafiri_bk
Niko Kampala kikazi. Huku yupo msanii Fred Mutebi, anachapa rangi nyingi kwa ubao mmoja. Unachapa rangi nyepesi kwenye karatasi zote, unachonga tena, unachapa rangi inayofuata juu yake, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ubao ukishachongwa haurudi, kwa hiyo anza na karatasi 20 ili upate 15 safi. Chonga alama mbili za kuegeshea karatasi, ya kona na ya ubavuni, kama Wajapani, rangi zisipishane. Nimefikiria miyaa iliyotiwa rangi.

ukili_tanga
Ahsanteni sana, fundi na wote.

Dada wa Nyali, nimesoma swali lako nikaenda kuchukua simu. Bibi alikuwa mashoto. Nilichonga kama ninavyoona, kwa hiyo kwenye chapa dole gumba lililokaza ni la mkono wa kulia. Mama aliona hilo mara moja, mimi nikadhani anasema nimechonga vibaya.

Jirani ana mpera ulioanguka na mvua za masika, nimeshaukatia vipande vinne na kupaka vichwa rangi. Kwa sasa naanza na podo, nyeusi tupu. Miyaa ya bibi ilikuwa ya zambarau na kijani, hiyo nitaijaribu kwenye mpera ukikauka.