MREJESHO: Nimerudi Taizé, na watoto wamenikumbuka

Wapendwa, niliuliza hapa: nikirudi Taizé, ile jumuiya ya watawa wa Kikristo kule Ufaransa, baada ya miaka 2, watoto wa zile familia zinazokuja kila kiangazi watanikumbuka? Mkasema nenda tu. Nimekwenda. Basi lilinishusha kengele za sala ya jioni zikilia. Nikaingia kanisani na begi mgongoni, nikakaa sakafuni kama zamani. Katikati ya ule ukimya mrefu, mtu akanivuta sweta. Yule kitinda mimba wa mojawapo ya zile familia! Meno mawili ya mbele hana, ananong'ona "Mambo?", neno nililomfundisha mwenyewe. Nilishindwa hata kujibu "poa". Dada yake sasa ana haya, kanipa mkono tu. Kashata (nusu zilivunjika njiani) tulizila nje na chai ya kwenye bakuli. Vikombe hawana mpaka leo.